Breki za Nyar Ngere

Harufu ndiyo iliyokuja kwanza, harufu ya kitambaa kinachoungua polepole. Nilikuwa nimekaa katika kinafasi kidogo nyuma ya viti viwili vya lile gari, miguu nimeikunja juu ya mkeka, mfuko wa ukunga wa mama nimeupakata, harufu ilipopenya kutoka chini ya mbao za sakafu. Tulikuwa tumeanza kuteremka kwenda Homa Bay. Ziwa lilikuwa mbele yetu, jeupe kwa jua la asubuhi, na barabara ya udongo wa marram ilishuka moja kwa moja kama ng'ombe aliyeona maji. Nilimwona baba akikanyaga breki. Akakanyaga tena. Mara ya tatu goti lake lilinyooka kabisa, mguu ukagonga mbao bila kukutana na kitu, na nikasikia sauti yake ambayo sikuwahi kuisikia kabla ya siku ile wala baada yake, sauti ndogo: "Peresi, shika mtoto." Peresi ni mama yangu. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanikamata kifundo cha mguu, huu wa kushoto, huu ambao leo ni mfupi kuliko mwenzake. Baba alivuta breki ya mkono, ikaja yote, nyepesi, kama kamba isiyofungwa kwa kitu. Akajaribu kurudi gia ya pili. Gia ikalia, ikakataa. Chini yetu, penye kona, wanawake walikuwa wanapanda na vikapu vya samaki vichwani, na nyuma yao mkokoteni wa ng'ombe umejaa marobota ya pamba. Kulia kulikuwa na korongo. Kushoto kulikuwa na ukuta wa mawe na udongo, pale walipokichonga kilima kupitisha barabara. Baba akapinda kushoto.

Watu husema ajali haina kinga. Msemo huo nimeambiwa miaka arobaini, nimeambiwa makaburini, nimeambiwa sokoni, nimeambiwa na watu wanaonikuta nikipanda ngazi kwa shida, na kila nikiusikia naukataa. Ile haikuwa ajali. Ile ilikuwa kazi ya mikono, na mikono ina wenyewe: Jairo Obanda, mzee wa kanisa letu, na Zakaria Ogweno, fundi wa magari wa Rodi Kopany. Mimi sikusoma, niliishia darasa la nne, lakini kuandika jina la mtu najua.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la Kiingereza, lililoundwa kabla ya vita vya Hitla. Viti viwili tu. Boneti ndefu kama pua ya mbwa wa kuwinda, magurudumu ya spoki, juu hakuna paa ila turubai. Baba yangu, Enos, alikuwa fundi katika mgodi wa dhahabu upande wa Migori, na Mzungu aliyekuwa mkubwa wake, alipofunga mizigo karibu na Uhuru, alimwachia gari hilo na onyo moja: gari hili likilala siku tatu litakufa, liendeshe kila siku. Baba alilileta nyumbani Rodi Kopany, watoto wakilikimbilia kutoka sokoni hadi langoni kwetu, na kabla jua halijatua lilikuwa limeshapewa jina. Waliliita Nyar Ngere, yaani binti wa Waingereza. Wengine walicheka. Mtu mweusi na gari la mchezo, la kwenda nalo wapi? Lakini baba alikuwa na pa kwenda. Mama alikuwa mkunga katika zahanati ya kanisa kule Homa Bay, na mwaka uliotangulia, siku moja lori alilolitegemea lilikwama topeni, akafika saa sita mchana akakuta mwanamke amekufa na mtoto wake hajatoka. Mama alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuvua viatu. Baba alimwambia, "Min Akelo, hakuna mwanamke mwingine atakayekufa kwa sababu ya barabara." Min ni mama wa fulani kwa lugha yetu, na Akelo ndiye mimi. Kwa hiyo Nyar Ngere halikuwa gari la mchezo. Kila siku ya kazi, saa moja kamili, lazima liwake, na saa mbili mama awe zahanati, na mimi niwe shuleni hapo karibu.

Kuliweka gari kuukuu barabarani kila siku si kazi ya nguvu, ni kazi ya adabu. Ndivyo alivyokuwa akisema baba. Alfajiri, kabla ya uji, alizunguka magurudumu yote manne akigonga spoki moja moja kwa kijiko. Spoki nzima ililia kama kengele, iliyolegea ilisema tu "tup", na hiyo ilikazwa hapo hapo. Rejeta haikunywa maji ya ziwa wala ya kisima, kwa sababu yanaacha ukoko ndani kama sufuria ya ugali. Ilikunywa maji ya mvua, na pipa la mvua nyumbani kwetu hata wageni walijua si la kuogea. Petroli ilichujwa kwa kofia kuukuu ya Mzungu, maana ile ya mapipa ya sokoni ilikuja na kutu na maji. Jumamosi nzima ilikuwa siku ya grisi na ya kukaza breki. Nikifumba macho leo bado naisikia pampu ya petroli chini ya sakafu, tik, tik, tik, kisha kimya, kisha baba akisema, "Ameshiba," na injini ikawaka. Miaka miwili mama hakuchelewa hata siku moja. Siku moja! Mabasi yalikwama, lori za pamba zilikwama, Nyar Ngere lilipita na mama ndani ameketi wima na kitambaa chake cheupe kichwani.

Shida ilikuwa mafuta ya breki. Breki za gari lile zilisukumwa na mafuta yanayopita kwenye vijibomba, na ndani kulikuwa na mipira midogo kama vikombe vya mwanasesere. Mafuta yake ya dukani yaliagizwa Kisumu mara tatu, na mara tatu yakaja ya kitu kingine. Lakini mgodini, wakati wa vita, meli zilipokosa kuleta kitu, Wazungu walikuwa wamemfundisha baba kutengeneza: mafuta ya mbarika kikombe kimoja, pombe kali kikombe kimoja, tikisa, chuja, acha itulie. Mbarika zilikuwepo nyuma ya zizi, nyanya yangu alizikaanga, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakaelea. Pombe kali ilikuwa ya Min Odiwuor, mpika chang'aa wa bondeni, na si chang'aa yoyote, ni yale matone ya kwanza, ambayo ukiyasogezea kiberiti yanashika moto wa buluu. Baba hakuwa mnywaji. Alikwenda kule mchana kweupe na chupa yake, akasubiri matone yake, akaondoka. Lakini njia ya kwa Min Odiwuor haikuwa na njia ya pembeni, na kila aliyeipita alionekana.

Na mimi nilikuwa na kazi yangu. Dawa za kusafishia dhahabu zilikuwa zimeua pua ya baba. Hakunusa samaki aliyeoza wala ua. Mchanganyiko ule ukikaa kwenye joto, pombe hupotea kidogo kidogo, na ikipotea mafuta huwa mazito. Kuona hakusaidii, rangi ni ile ile ya manjano hafifu. Kwa hiyo kila asubuhi baba alifunua ubao karibu na miguu ya dereva, akafungua kizibo, na mimi nikainama nikanusa. "Yananuka?" Nikisema yananuka, tunakwenda. Nikisema yamefifia, anaongeza. Nilikuwa na miaka kumi, na uhai wa watu watatu ulipita kwenye pua yangu kila siku. Nilijivuna kwa hilo kuliko alama zote za shule.

Zakaria alilijua jambo hili lote. Naandika hapa nilichokisikia kwa masikio yangu. Alikuja nyumbani siku moja kuazima jeki, akamkuta baba anachuja mafuta, akacheka. "Omera, ndugu yangu, hii gari yako ilifaa izikwe na wazungu wenyewe. Weka mafuta ya injini tu, mambo iishe." Baba hakucheka. Alimwonyesha kipande cha mpira kilichovimba, laini kama fizi. "Zakaria, tazama. Hii nilijaribu mgodini. Mpira huu unapenda mafuta ya mmea. Ukiupa ya injini unavimba, breki zinashika zenyewe, halafu mpira unapasuka na huna breki kabisa. Ni siku moja au mbili tu." Zakaria alikishika, akakibonyeza, akakirudisha. "Haya, mwalimu," akasema. Alikishika. Kumbuka hilo.

Sokoni maneno yalianza kwa mzaha. Wauza ndizi walikuwa wakimwita baba: "Enos! Leo gari imelala kwa nani, kwa Min Odiwuor?" Mwingine: "Imeamka na kichwa kuuma?" Baba akawajibu, "Gari langu linakunywa na linasimama. Ninyi mnakunywa, nani kati yenu anasimama?" Soko zima likacheka. Lakini mzaha ukiingia kanisani hugeuka kesi. Jairo Obanda alikuwa mzee wa baraza lililoiendesha zahanati, mtu mrefu, suti nyeusi hata kiangazi, leso nyeupe mfukoni, na aliichukia pombe kwa sababu ilimmalizia kaka zake wawili. Hilo sitamnyima. Aliwaita wazazi wangu baada ya ibada, mbele ya watu.

"Min Akelo," alimwambia mama, "mikono inayopokea watoto wa Mungu haiwezi kubebwa na chang'aa."

"Japuonj," baba akamjibu kwa heshima, kwa neno letu la kumwita mwalimu, "chang'aa iko kwenye bomba. Hakuna anayeinywa."

"Iko chini ya miguu ya mkunga wa kanisa. Watu wanatucheka."

"Breki haziendi kuungama, Japuonj. Nipatieni mafuta ya dukani, na mimi nitaacha leo hii."

Watu walicheka kidogo, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomuua mama. Jairo hakuwa mtu wa kuchekwa mara mbili. Alisema tu, "Mpaka mwisho wa mwezi," akageuka.

Hakungoja mwisho wa mwezi. Jumapili iliyofuata alihubiri mgeni kutoka Rusinga, na mahubiri yale yalikuwa marefu mpaka watoto wakaanza kulala. Nilitoka kwenda msalani. Nyar Ngere lilikuwa limesimama nyuma ya kanisa, kwenye kivuli cha ukuta, na miguu ya mtu ilikuwa imetokeza chini yake. Ilikuwa ya Zakaria. Jairo alikaa kwenye kiti cha baba na suti yake, akikanyaga breki kila Zakaria alipomwambia kanyaga. Mafuta ya nyanya yangu na ya Min Odiwuor yalikuwa yanatiririka kwenye nyasi, na harufu yake ilijaa pale kote. Kisha Zakaria alitoka chini akachukua mkebe mpya. Mzee akamsimamisha. Aliweka mkono juu ya mkebe ule, akafumba macho, akaomba. Nilimwona. Alipomaliza aliuliza, "Ni safi haya?"

"Ni ya injini, mzee. Mapya. Hayajafunguliwa."

"Basi ni safi."

Na hapo Zakaria alifungua mdomo. Aliangalia mkebe, akamwangalia mzee, mdomo uko wazi, neno limefika kwenye meno. Halafu akaufunga. Akainama, akamimina.

Jairo aliponiona hakushtuka. Alijifuta mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Akelo, umeona nini?" Niliangalia nyasi zilizolowa. "Umeona baba yako akisaidiwa. Ukimwambia, atarudisha pombe ile, na baraza litamfukuza mama yako kazi. Unataka mama yako afukuzwe kwa sababu ya mdomo wako?" Nikatikisa kichwa. "Mtoto mzuri. Rudi ndani."

Usiniulize kwa nini sikusema. Nimejiuliza mwenyewe, na sina haja ya msaidizi. Mama bila ile kazi hakuwa mama. Nilimwona siku ile jikoni na viatu vyake. Mzee wa kanisa ameomba juu ya mkebe kwa macho yangu; mtoto wa miaka kumi atasema Mungu amekosea mafuta? Jumatatu asubuhi baba akafunua ubao. Niliinama. Chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba, nikatumaini chang'aa kidogo imebaki imeshika kwenye chuma, ili nisiwe mwongo. Haikubaki. Kulikuwa na harufu ya duka, ya bati na karatasi.

"Yananuka?"

"Yananuka, Baba."

Rodi Kopany tulitoka vizuri. Mbele kidogo gari likaanza kuwa zito, injini inalia na mwendo haupo. Baba alisimama, akashika chuma katikati ya gurudumu, akatoa mkono haraka. Lilikuwa la moto. Yote manne yalikuwa ya moto. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo walipomzika baba yangu akiwa hai. Mtu anayeamini anakijua kilichomo kwenye mabomba yake, akikuta breki zimeshika, atawaza nini? Atawaza alikaza mno Jumamosi. Baba alipiga magoti kwenye vumbi na bisibisi, akalegeza breki za magurudumu yote, na breki ya mkono inashika hizo hizo, kwa hiyo nayo ililegea. "Nisamehe, Peresi," alisema. "Nilikaza kupita kiasi." Mama aliangalia jua. "Twende tu, baba Akelo. Kuna mwanamke nilimwacha Ijumaa, leo ni siku yake." Mimi nilikuwa nyuma yao na neno mdomoni, kama Zakaria. Nililishika mpaka tukafika juu ya ule mteremko. Yaliyobaki nimeshayaandika.

Ukuta ulikuwa upande wa mama. Alikufa mkono wake ukiwa bado umeshika mguu wangu. Ilibidi wanaume wawili wavifungue vidole vyake. Wanawake wa samaki, hakuna hata mmoja aliyeguswa. Baba alivunjika mbavu tatu. Inspekta alipokuja kitandani kwake kumuuliza, alisema kweli yake yote: "Breki nililegeza mwenyewe, kwa mkono huu." Wakaandika. Wakamnyang'anya leseni. Na sokoni, pale pale palipokuwa na kicheko, wakaanza kusema Enos alichagua ukuta uwe upande wa mkewe. Kwenye mazishi Jairo alihubiri, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa kwamba ajali haina kinga. Zakaria alibeba jeneza, mbele, upande wa kulia. Mimi sikuwepo, nilikuwa hospitali mguu umening'inizwa, lakini nyanya alinieleza nani alishika wapi, akidhani ananifariji.

Miaka saba baba hakuligusa gari. Lilivutwa likatupwa nyuma ya zizi, mbarika zikaota katikati ya viti. Alikuwa anaishi kama mtu aliyeazimwa. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba nimeficha mno. Mchana mmoja tukimenya mihogo nikamwambia yote, mpaka "yananuka, Baba". Alikwenda kuchukua spana. Alikata mbarika kwa panga, akalala chini ya Nyar Ngere, akakaa huko muda mrefu. Alitoka na mipira minne kwenye kiganja, imevimba, imepasuka, laini kama fizi. Akaisogeza puani, pua ile ile iliyokufa. Kisha akanipa. "Ulikuwa mtoto," akasema. Mwaka ule ule alifariki. Ila miezi ile michache alitembea sokoni kichwa juu, na hakuna aliyejua kwa nini.

Leo barabara ile ni lami. Unateremka Homa Bay kwa dakika chache, na mafuta ya breki yamepangwa kwenye rafu za vituo vya petroli kama soda. Juzi kijana mmoja alitoka Nairobi, wa hawa wanaofufua magari ya zamani, akalizunguka Nyar Ngere na simu yake akipiga picha, akaniuliza kwa huruma, "Mama, hawa wazee walikuwa wanaendesha hii kitu kila siku, kweli? Si ilikuwa hatari?" Nilimjibu kwamba halikuwa hatari. Lilikuwa gari la kuaminika kuliko watu. Na zahanati ya mama imekuwa kubwa, ina wodi mpya ya wazazi, rangi ya samawati, na mlangoni kuna kibao kimefunikwa kitambaa. Jumapili ijayo kitambaa kitaondolewa, na jina lililoandikwa pale ni la Mzee Jairo Obanda, kwa utumishi wake mrefu kwa akina mama. Zakaria atakuwepo pia, amealikwa kutoka Migori alikojenga gereji kubwa na wanawe. Hivyo wote wawili wako hai, wana masikio, na ninawaandikia kabla.

Nitakuja na mkebe wa kakao ambamo mipira ile minne imekaa miaka yote hii. Nitaketi mbele, kwa sababu mguu wangu unanipa haki ya kiti cha mbele. Sitaki kitu chenu. Nataka mjibu, pale pale, kabla ya kitambaa kuvutwa, kwa sauti ambayo wanawake walio vitandani wataisikia. Wewe Jairo, ulipoweka mkono juu ya mkebe ukafumba macho, ulimwomba Mungu nini, na ulipohubiri mazishi ya mama yangu, ulijua? Baba yangu alijibu la kwake ambalo hata halikuwa lake. Mimi nimejibu langu hapa: nilisema yananuka, na hayakunuka. Na wewe Zakaria, wewe uliyekishika kile kipande cha mpira kwa vidole vyako nyumbani kwetu, ulifungua mdomo nyuma ya kanisa, nilikuona, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lilikuwa neno gani? Liseme.